Kufuli la virusi liko mtandaoni bure, ufunguo bado tunaomba

Kuna mdau aliacha swali kwenye maoni, nikamwahidi kumjibu, halafu nikawa napiga danadana. Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Kama wazungu wameshajua umbo la virusi vya UKIMWI mpaka atomu ya mwisho, na wewe unasema umbo hilo liko mtandaoni bure, sasa sisi tunashindwaje kutengeneza dawa yetu wenyewe mpaka tunaanza kulia Trump akifunga bomba?"

Nilidhani nitamjibu kwa sentensi mbili. Nimekaa nalo siku nne.

Tuanze na hilo la bure, maana ni kweli kabisa. Kama umebakiza dakika kumi kwenye mashine uliyokalia, fungua tovuti ya Protein Data Bank. Hii ni hazina ya dunia ya maumbo ya protini. Ilianza mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7, leo yamepita laki mbili. Hawakuombi nywila wala kadi ya benki. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika 1HSG, kisha bonyeza sehemu ya kuliona umbo. Litakuja dude kama utepe uliojikunjakunja, nusu mbili zimekaa uso kwa uso. Ligeuze taratibu kwa kipanya. Katikati utaona kama handaki, na ndani ya handaki kuna kitu kidogo kimekwama. Dude kubwa ni kimeng'enya cha VVU kinachoitwa proteasi. Kile kidogo kilichokwama ni dawa, jina lake indinavir.

Sasa hicho kimeng'enya kinafanya nini? Mnaijua doti ya khanga inavyotoka dukani: pande mbili zimeungana, huwezi kuivaa mpaka mtu achukue mkasi akate katikati. Virusi vya UKIMWI navyo vinafanya hivyo hivyo. Kikiwa ndani ya seli yako, kirusi kinatoa protini zake zikiwa zimeungana kwenye mnyororo mmoja mrefu, kisha proteasi ndiyo mkasi unaopita kukata kila kipande mahali pake. Usipokata, virusi vinatoka kwenye seli vikiwa vichanga, havina uwezo wa kuambukiza seli nyingine. Watafiti wa kampuni ya Merck walilithibitisha hilo mwaka 1988: waliharibu sehemu moja tu ya mkasi huo, na virusi vilivyotoka vilikuwa bure kabisa.

Kwa hiyo kazi ikawa moja, kukwamisha mkasi. Na hapa ndipo umbo lilipokuwa na thamani kuliko dhahabu. Zamani dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha: unachukua maelfu ya kemikali, unajaribu moja moja, unaomba Mungu. Ukiwa na umbo unaweza kuchonga kwa kipimo, kama fundi anayechonga ufunguo akiwa ameshika kufuli mkononi. Mkasi huu una nusu mbili zinazofanana, kila moja ina asidi amino 99. Juu ya handaki kuna vifuniko viwili vinavyofunguka na kufunga kama kope. Chini kabisa kuna asidi amino mbili, moja kutoka kila nusu, na hizo ndizo makali yenyewe. Wakemia wakajiuliza, mnyororo ule wa protini unakuwa na umbo gani katika sekunde ile ile unapokatwa? Wakatengeneza molekuli ndogo yenye umbo hilo hilo, ila mahali pa kukatwa wakaweka kiungo kisichokatika. Ni kama umeficha msumari ndani ya khanga. Mkasi unabana, haukati, na hauachii.

Kila kampuni ilikuwa na ujanja wake. Watu wa Roche kule Uingereza waligundua kuwa mkasi wa kirusi hupenda kukata mahali fulani ambapo vimeng'enya vya binadamu havipendi, wakajenga dawa yao juu ya hapo ili wasidhuru mwili. Hilo si jambo dogo, kwa sababu na sisi tuna mikasi ya ukoo huo huo: mmoja uko tumboni unasaga nyama, mwingine unahusika na presha ya damu. Watu wa Abbott wao wakasema, kama mkasi una nusu mbili zinazofanana, basi na dawa tuifanye iwe na pande mbili zinazofanana. Njia hiyo ndiyo iliyowafikisha kwenye ritonavir. Tena yale makampuni yalikuwa yamehangaika miaka mingi na dawa za kuzuia ule mkasi wa presha, hazikuwalipa, lakini zikabaki kwenye makabati. UKIMWI ulipokuja wakakuta nusu ya safari wameshaitembea bila kujua.

Umbo la kwanza la proteasi lilichapishwa mwaka 1989, na lilikuwa na makosa. Miezi michache baadaye timu nyingine ya Marekani, ya Alexander Wlodawer, ikatoa umbo lililosahihishwa. Hii timu ya pili haikutumia hata kimeng'enya kilichovunwa kwenye vijidudu vya maabara; walikiunganisha kwa kemia, asidi amino moja baada ya nyingine, kisha wakakigandisha kuwa fuwele na kukipiga mionzi ya eksirei. Nalisema hili kwa sababu kuna vijana wanadhani sayansi ni mtu mmoja mwenye akili nyingi. Hapana bwana. Huyu anakosea hadharani, yule anasahihisha hadharani, na wa tatu anajenga juu yao.

Desemba 1995 dawa ya kwanza ya aina hii, saquinavir, ikaruhusiwa Marekani. Machi 1996 zikafuata ritonavir na indinavir. Yaani kutoka kwenye picha mpaka kwenye kidonge haikufika miaka 7, na kwa mambo ya dawa hiyo ni mbio. Julai 1996, kwenye mkutano wa dunia wa UKIMWI uliofanyika Vancouver, madaktari wakatangaza kuwa ukichanganya dawa tatu kwa pamoja, kirusi kinalala. Mwaka 1997 kiwango cha vifo vya UKIMWI Marekani kilishuka kwa asilimia 47 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Wagonjwa waliokuwa wameshaandika wosia wakaanza kutafuta kazi.

Sasa rudisha kamera huku kwetu, miaka ile ile. Wenye umri wangu mnakumbuka matanga yalivyokuwa. Novemba 1999 Rais Moi akautangaza UKIMWI kuwa janga la taifa Kenya, na ilipofika tarehe 31 Desemba mwaka huo huo Rais Mkapa akafanya vivyo hivyo Tanzania. Dawa zilikuwepo duniani kwa zaidi ya miaka mitatu. Gharama ya mchanganyiko ule kwa mtu mmoja kwa mwaka ilikuwa zaidi ya dola 10,000. Afrika Kusini ilipotunga sheria ya kujirahisishia kupata dawa kwa bei nafuu, makampuni 39 yakaiburuza mahakamani mwaka 1998, yakaja kuondoa kesi Aprili 2001 baada ya dunia nzima kupiga kelele. Februari mwaka huo huo wa 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India akajitokeza na bei ya dola 350 kwa mwaka. Kenya nayo mwaka huo ikapitisha sheria yake ya mali za viwanda, yenye mlango wa kuingiza dawa za bei nafuu. Tanzania tulianza kugawa dawa bure kwenye vituo vya serikali mwaka 2004.

Lakini kuna kitu ambacho watu wengi hawakijui, na mimi mwenyewe ndio kwanza nimekielewa vizuri wiki hii. Ule mchanganyiko wa Hamied wa dola 350 haukuwa na hata dawa moja ya mkasi. Zile zilikuwa dawa za kuzuia kimeng'enya kingine, kile kinachonakili RNA ya kirusi kuwa DNA. Mojawapo, nevirapine, ilipatikana kwa njia ile ile ya zamani ya kujaribu kemikali nyingi. Dawa zilizochongwa kwa umbo, zile zilizowainua wagonjwa wa Marekani mwaka 1996, kwetu ziliwekwa pembeni kama mstari wa pili. Utazipata ukishashindwa na zile za kwanza, na kama zipo.

Na zilipofika zikakuta nyumba isiyo na jokofu.

Naomba nisimame hapa kidogo. Mwaka 1998 watengenezaji wa ritonavir walipata pigo la ajabu. Ndani ya vidonge vyao dawa ilianza kujigandisha kwa fuwele ya aina nyingine ambayo haiyeyuki vizuri, mpaka wakaiondoa sokoni kwa muda. Iliporudi, vidonge vilitakiwa kukaa kwenye baridi. Baadaye, mwaka 2000, ikaja Kaletra, ambayo ndani yake kuna lopinavir pamoja na ritonavir. Hapo ritonavir haikuwekwa kwa ajili ya kirusi tena. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya cha ini kisiimalize haraka ile dawa nyingine. Vidonge vya kwanza vya Kaletra navyo vilitaka jokofu. Nje ya jokofu mwisho wake miezi miwili, tena joto lisipite nyuzi 25. Nyuzi 25, wadau! Dar es Salaam mwezi wa pili?

Shangazi yangu alikuwa anatumia vidonge hivyo mwaka 2006. Nyumbani umeme haukuwepo. Aliviweka kwa jirani aliyekuwa anauza barafu, ndani ya kopo la Blue Band, juu amefunika na mfuko wa ukwaju ili watoto wa jirani wasiulize. Asubuhi anaenda "kuchukua ukwaju", jioni anarudi tena "kuchukua ukwaju". Siku jirani amesafiri na mlango umefungwa, dozi imepita. Kliniki walimkaripia kwamba ni mzembe, hazingatii dawa. Mimi nilikuwa kijana, niliamini. Leo ndio naelewa kuwa kuna watu walipima handaki la kimeng'enya kwa kipimo kidogo kuliko upana wa atomu moja, lakini kwa miaka mitano hakuna aliyekuwa amepima chumba cha shangazi. Vidonge visivyohitaji jokofu viliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2005, na kabla havijatufikia huku watu waliendelea kuchukua ukwaju.

Kwa watoto ndio usiseme. Lopinavir ya maji ilikuwa na kilevi kiasi cha asilimia 42, uchungu wa kumfanya mtu mzima ateme, na chupa yenyewe inatakiwa ikae baridi mpaka imfikie mgonjwa. Chembechembe za kuchanganya kwenye uji ziliruhusiwa mwaka 2015, zikiwa zimetengenezwa na Cipla hao hao. Ukicheki sana, watoto wengi wenye VVU wako Afrika, kwa hiyo soko lake ni dogo. Si dogo kwa idadi, ni dogo kwa mfuko.

Turudi kwenye kufuli, maana kirusi nacho hakikukaa kusubiri. VVU vinanakili kwa pupa na kukosea sana, na katika makosa hayo mengine yanabadilisha kidogo ukuta wa lile handaki. Ufunguo uliokuwa unakaa sawasawa unaanza kucheza. Huo ndio usugu. Mkemia Arun Ghosh aliliangalia hilo kwa jicho jingine. Aliona kuwa kirusi kinaweza kubadilisha vitu vinavyoning'inia ukutani, lakini uti wa mgongo wa kimeng'enya chenyewe hakiwezi kuubadilisha ovyo, kwa sababu mkasi ukipinda na wenyewe hautakata. Akachonga molekuli inayoushika uti wa mgongo kwa nguvu. Hiyo ndiyo darunavir, iliyoruhusiwa Juni 2006. Huku kwetu ni dawa ya wale walioshindwa na nyingine, na bei yake ni mara kadhaa ya mchanganyiko wa kawaida.

Mchanganyiko wa kawaida leo mnaujua wengi, TLD, kidonge kimoja kwa siku. Ile D ni dolutegravir, inayozuia kimeng'enya cha tatu, integrasi, kile kinachoshonea jeni za kirusi ndani ya DNA yako. Hapa niwe mkweli kidogo, maana kuna watu watasema kila dawa imetokana na picha. Umbo zuri la integrasi ikiwa kazini lilipatikana mwaka 2010 na timu ya Peter Cherepanov kule London, tena kutoka kwa kirusi kingine jamaa wa VVU. Dolutegravir ilikuwa imeshatengenezwa kwa kukisia vyuma viwili vilivyo ndani ya kimeng'enya na jinsi ya kuvishika. Picha ilikuja baadaye kueleza kwa nini inashika vizuri hivyo.

Ila kwa upande wa bei hadithi ya dolutegravir ni nzuri kuliko zote. Marekani iliruhusiwa Agosti 2013. Mwaka 2014 wenye hataza, yaani haki ya uvumbuzi, walitoa leseni kwa viwanda vingine kupitia Medicines Patent Pool, na mwaka 2017 Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuanza kutumia nakala yake halali. Ni miaka minne tu. Linganisha na kile kipindi cha Mkapa na Moi. Mwaka 2017 bei ya TLD ilipangwa dola 75 hivi kwa mwaka, na mwaka 2023 Global Fund ikatangaza imeshuka chini ya dola 45. Huwa nakumbuka namba hizi mtu akiniambia kuwa bei ya mwaka 1996 ndiyo ilikuwa gharama halisi ya sayansi.

Sasa tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba karibu sote tumewekwa kwenye ufunguo mmoja. Tanzania, Kenya na Uganda, kila moja ina zaidi ya watu milioni moja wanaomeza ARV, wengi wao TLD. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya usugu. Kwenye tafiti zilizoripotiwa, usugu wa dolutegravir ulionekana kati ya asilimia 3.9 na 8.6, na ukafika asilimia 19.6 kwa watu waliokuwa kwenye dawa tayari wakahamishiwa dolutegravir huku damu yao ikiwa na virusi vingi. Msiogope mkaacha dawa, jamani! TLD bado ni dawa nzuri sana na kwa walio wengi inafanya kazi. Ninachosema ni kwamba kufuli litakalobadilika safari ijayo lina nafasi kubwa ya kubadilika hapa, ndani ya damu zetu, kwa sababu sisi ndio wengi tunaoitumia. Tena zile picha za kwanza za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa za kirusi cha aina B, kinachotamba Ulaya na Marekani. Afrika Mashariki tuna A, C na D. Bahati nzuri dawa zimefanya kazi kwa zote. Lakini hiyo ilikuwa bahati, hakuna aliyetuchongea sisi.

Mdau wangu, ndio tunafika kwenye swali lako. Kutoka kwenye umbo la bure mpaka kwenye kidonge kuna nini?

Kuna fuwele za kimeng'enya chenye dawa ndani, ambazo unazipiga mionzi mikali ili uone ufunguo umekaa vipi, urekebishe, upige tena. Mionzi hiyo inatoka kwenye mtambo mkubwa wa duara unaoitwa sinkrotroni. Kati ya mabara yote yenye watu, ni Afrika tu haina hata mmoja. Kuna wanasayansi wa Kiafrika ambao kwa miaka wanapigania ujengwe. Kwa sasa mtafiti wa hapa anatuma fuwele zake nje kama mtu anayetuma barua. Kisha kuna wakemia wa kutengeneza molekuli mia tano ili mia nne na tisini na tisa zitupwe. Halafu kuna ini, figo, tumbo. DuPont Merck walichonga molekuli nzuri ajabu ya mkasi huu wa VVU, ilichapishwa kwenye majarida mwaka 1994 na watu wakapiga makofi, lakini haikuwahi kuwa dawa. Saquinavir yenyewe ilikuwa inaingia kwenye damu asilimia 4 tu ya kile ulichomeza. Umbo linakwambia ufunguo unaingia kwenye kufuli. Halikwambii kama ufunguo utafika mlangoni.

Na hiyo sehemu ya kompyuta, ambayo ndiyo rahisi, imezidi kuwa rahisi. Mwaka 2022 AlphaFold iliweka mtandaoni makisio ya maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, na mwaka 2024 waliohusika wakapewa Nobel ya kemia. Kijana wa Mzumbe au Maseno mwenye kompyuta ya kawaida anaweza leo kujaribu molekuli kwenye handaki la proteasi bila kumwomba mtu ruhusa. Hili si la kubeza. Kule Cape Town, Profesa Kelly Chibale, mtu wa Zambia, alianzisha kituo cha H3D mwaka 2010, na dawa ya malaria iliyoanzia hapo imefika kwenye majaribio kwa binadamu. Kwa hiyo anayesema Mwafrika hawezi, mwambie aende Cape Town. Lakini H3D wana wakemia, wana mashine na wana fedha za kudumu miaka. Kipanya peke yake hakitoshi.

Mahali tunaposhiriki sana ni kwenye kujaribiwa. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya lenacapavir, sindano ya kinga mara mbili kwa mwaka. Hii haizuii kimeng'enya, inashika ganda la ndani la kirusi, lakini nayo ilichongwa kwa umbo. Majaribio yalifanyika Afrika Kusini na Uganda. Kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hakuna! Iliporuhusiwa Marekani Juni 2025 bei yake kule ikapangwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Kwa nchi 120 kuna leseni ya viwanda sita kutengeneza nakala, na kilichotangazwa ni dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Ni afadhali mara mia kuliko 1996. Lakini angalia ni nani aliyetoa mkono wa kuchomwa, na ni nani anayekaa mezani kupanga orodha ya nchi.

Kuna habari moja ambayo naona magazeti yetu yaliipita haraka. Mji wa Kikuyu, Kenya, kuna kiwanda cha Universal Corporation. Mwaka 2023 kilikuwa cha kwanza Afrika kupitishwa na Shirika la Afya Duniani kutengeneza TLD. Mei 2025 Global Fund ikatangaza kuwa TLD iliyotengenezwa Afrika, kutoka kiwanda hicho, imepelekwa Msumbiji, ya kutosha watu zaidi ya 72,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo Kampala kulikuwa na kiwanda cha Quality Chemicals kilichofunguliwa mwaka 2007 kwa kushirikiana na Cipla. Malighafi kwa sehemu kubwa bado inatoka India na China, kwa hiyo tusijidanganye kuwa tumeshajitegemea. Lakini kidonge kinachotoka Kikuyu kwenda Maputo hakikuwepo miaka kumi iliyopita, na kitaishi tu kama serikali zetu zitakinunua hata kikiwa ghali senti chache kuliko cha Asia. Hapo ndipo ninapoona tunakwama. Tunapenda sana kukata utepe wa kiwanda, tunachelewa kusaini oda.

Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Nchi chache sana zimewahi kuifikia. Tulikuwa na PEPFAR tangu 2003, tukalala usingizi. Tarehe 20 Januari 2025 Trump akasaini agizo la kusimamisha misaada kwa siku 90. Baada ya siku chache wakasema dawa za kuokoa maisha ziendelee, lakini kufikia hapo wahudumu walikuwa wameshaambiwa wakae nyumbani. Julai 1, 2025 USAID ikafungwa rasmi. Kilichoyumba kwanza hakikuwa vidonge. Walikuwa watu wanaompigia simu mgonjwa aliyekosa tarehe, gari la kubeba sampuli, kipimo cha wingi wa virusi. Yaani vile vitu vinavyokuonyesha kama kufuli limeanza kubadilika. Mgonjwa anayemeza dawa kwa kurukaruka huku hapimwi ndiye anayekifundisha kirusi namna ya kuukwepa ufunguo.

Kwa hiyo mdau, jibu langu ni hili: umbo si siri na halijawahi kuwa tatizo letu. Kama serikali ingeniuliza mimi (haitaniuliza), kabla ya sinkrotroni ningeanza na maabara za kusoma jeni za kirusi kwa kila mgonjwa ambaye TLD imemshinda, hapa hapa nchini, na majibu yakawekwa wazi kama zile picha za 1HSG. Hizo ndizo data ambazo Boston na Basel hawana, na mtu atakayechonga ufunguo ujao atazihitaji. Ukiwa nazo unakaa mezani ukiwa na kitu mkononi. Na oda ya Kikuyu iandikwe mkataba wa miaka mitano, sio ya msimu.

Shangazi yuko hai, kwa mnaojiuliza. Yuko kwenye TLD, kopo la Blue Band limerudi kwenye kazi yake ya kuwekea chumvi.

Sasa naomba msaada wenu kwenye maoni. Wale mnaofanya kazi kwenye CTC au kliniki, au mnaochukua dawa (usitaje jina lako wala kituo), Februari na Machi 2025 mlikuwa mnapewa dawa za miezi mingapi? Na kipimo cha wingi wa virusi kilichukua muda gani kurudi? Nataka kulinganisha Tanzania, Kenya na Uganda kwenye makala ijayo. Na kuna mwanafunzi wa famasia aliyeniambia anajaribu molekuli kwenye 1HSG akiwa kafe ya kule Mbeya. Kaka, bado nasubiri picha uliyoniahidi.